Rejeo la Arobaini na Moja

Ilikuwa Jumanne, saa nane na robo mchana, katika chumba cha maktaba kisicho na dirisha. Rafiki yangu alibadili mtindo wa marejeo ili makala yake ikubaliwe na jarida. Aliingiza marejeo arobaini; programu ya kompyuta ikapanga arobaini na moja. La ziada lilikuwa tasnifu ya marehemu mwenzake wa chumba bwenini, ile ambayo rafiki yangu aliinakili katika makala hiyo bila kumtaja. Aibu ikamshika, akalifuta.

Umeme ukakatika. Gizani kibodi ikalia ta, ta, ta.

“Msomi, hata gizani unachapa?” mkutubi akamtania.

Mikono ya rafiki yangu ilikuwa mapajani.

Umeme uliporudi, rejeo lile lilikuwepo tena.

Kesho yake kulipokucha aliandika jina la marehemu mbele ya lake, kama mwandishi wa kwanza wa makala. Akahesabu marejeo bila kufuta kitu. Yalikuwa arobaini.