Waya wa Betri

Jumamosi moja ya mwaka tisini na mbili, watu walijazana mbele ya duka la magari katikati ya Kigali mpaka polisi akaanza kuwasukuma. Hawakuja kununua. Walikuja kuona picha. Ilikuwa kubwa kama mlango wa kanisa: gari la mwaka elfu mbili, rangi ya fedha, limelala chini kama mjusi anayeota jua.

Silvère, fundi wa Gikondo, alijipenyeza na ovaroli lake la buluu mpaka viganja vikagusa kioo. Mlangoni msichana mrefu, gauni la njano, viatu vyeupe, alikuwa akigawa karatasi.

"Madmazeli, boneti iko wapi?"

"Haina boneti, fundi. Hii haifunguliwi."

"Na ikiugua?"

"Inasema yenyewe inaumwa wapi. Iko na kompyuta ndani."

"Nani anaitibu?"

Msichana akamtazama mikono. "Si wewe."

Watu wakaangua kicheko. Silvère naye akacheka. "Kila kitu iko inaharibika, madmazeli. Hata wewe utazeeka."

"Nitazeeka nikiwa safi. Wewe umeacha vidole kumi kwenye kioo cha patro, bosi wangu. Shika kitambaa, ufute."

Alifuta, tena polepole. Alipomaliza alikuwa ameshajua kwamba anaitwa Illuminée, kwamba ni sekretari wa duka lile, na kwamba anakaa Kagarama kwa mama yake.

Huko Gikondo walimwita Silvère Dokta. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia ni vali gani inayolia. Shule aliiacha darasa la nne. Kwa injini hakuna aliyemkumbuka akikosea. Karakana yake ilikuwa uwanja wenye uzio wa mabati. Simu ilikuwa ya duka la jirani, la mama mmoja aitwaye Athanasie, ambaye siri kwake haikulala.

"Silvère! Mbio! Yule msafi wako yuko kwenye simu!"

"Alo? Dokta, leo umetibu nani?"

"Lori ya bia. Ilikuwa na kikohozi."

"Na wewe mwenyewe mzima?"

"Mimi naumwa Kagarama, sheri. Na dawa iko huko huko."

"Nyamaza wewe, watu wanasikia!"

"Tunasikia vizuri sana," Athanasie akajibu kutoka nyuma ya mifuko ya chumvi.

Lakini vita vilikuwa kaskazini, na Februari ya mwaka uliofuata vikasogea. Waliokimbia wakajaa nje ya mji na mikeka yao. Vizuizi vikaota barabarani. Wenye malori makuukuu wakayaficha, karakana ikapoa. Magari yaliyobaki yakitembea yalikuwa ya wakubwa, mapya, na mengi yalikuwa na ile kompyuta. Silvère akawa anashinda amekaa juu ya tairi, anasubiri mgonjwa.

Siku moja Illuminée akaja mwenyewe, amekumbatia kitabu cha magari mapya.

"Patro anatafuta fundi wa magari mapya. Nimemtajia jina lako. Jumatatu atakujaribu."

"Alikubali hivi hivi?"

"Nimesaini kwamba nakujua. Jumapili njoo nyumbani, nikusomee hiki. Kuna mambo hayaguswi."

"Injini nisomewe kama katekisimu?"

"Silvère, nakuomba."

"Jumapili nitakuja, mukunzi, mpenzi wangu."

Hakwenda. Aliona aibu kukaa mbele ya mama mkwe mtarajiwa akifundishwa kazi yake.

Jumatatu, uani mwa duka la patro, aliletewa gari jeupe, taa nyekundu ya betri inawaka. Silvère akatabasamu. Ugonjwa huo kila fundi wa Gikondo alikuwa na kipimo chake: unaacha injini iungurume, unachomoa waya mmoja wa betri. Injini ikiendelea, mashine ya kuchaji ni nzima, ikizima, imekufa. Alikuwa amefanya hivyo mara elfu.

Illuminée alimwona kupitia dirisha la ofisi. Alisimama, akapiga kioo kwa kiganja, "Usiguse!" Lakini injini ilikuwa ikinguruma. Silvère akachomoa.

Gari likaruka kidogo, likanyamaza. Taa zote zikafa. Aliweka bisibisi sikioni. Hakukuwa na kitu cha kusikia. Umeme ulikuwa umepanda bila betri ya kuutuliza, ukaichoma kompyuta. Patro alitazama tu, akarudi ndani. Mafundi wa pale walicheka.

Illuminée alimfuata mpaka getini.

"Ulinileta hapa nichekwe," Silvère akamwambia.

"Mimi? Nilikusubiri Jumapili nzima!"

"Toka siku ya kwanza ulisema: 'Si wewe.'"

Akaenda. Simu ya Athanasie ikanyamaza miezi minne, na Silvère akajisemea: unaona, alikuwa ananicheka.

Ni Athanasie aliyechoka kunyamaza. "We mjinga, unafikiri atapiga simu kutoka wapi? Siku ile ile walimfukuza. Alisaini kwa jina lake. Alipita hapa dukani, akanikataza nisikwambie, eti umeumia vya kutosha."

Silvère alipanda Kagarama kwa miguu. Alimkuta shambani, kanga imefungwa kiunoni, gauni la njano limekuwa nguo ya kulimia.

"Sikusikia kitu, Illuminée. Niliweka sikio, sikusikia kitu. Ndipo nikakuumiza wewe."

Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari. "Umemaliza?"

"Bado. Nataka wazee wangu waje kwa mama yako."

"Waseme wanamposea fundi wa magari gani? Ya zamani yanaisha, Dokta." Akafuta jasho. "Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kuna mapadri wanafundisha haya ya kompyuta. Nimeshawaandikia. Utakaa darasani na watoto, utachekwa tena. Nenda. Ukirudi, wazee waje."

"Twende wote."

"Mama hawezi kutembea. Nani atamlimia?"

Januari ya tisini na nne Illuminée alimsindikiza mpaka kituo cha Nyabugogo. Alimkunjia kola ya shati. "Usinirudie na kiburi," akasema, na wote wawili wakacheka vizuri kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa getini.

Silvère alirudi Agosti. Kagarama mlango haukuwepo, na maharage yalikuwa yamejiotea uani bila mpanzi. Jirani mmoja alimwonyesha mahali walipozikwa. Illuminée na mama yake waliuawa Aprili, pamoja na watu wa nyumba sita za mlima ule, kwa sababu ya neno la kabila lililoandikwa kwenye vitambulisho vyao. Alikaa pale siku mbili.

Siku ya tatu aliteremka Gikondo, akainua mabati yaliyoanguka. Kabla ya mwezi kwisha akaja bwana mmoja, Kalisa, aliyekulia Uganda, na gari jipya lenye taa nyekundu.

"Fundi, nimezunguka mji mzima. Hizi za kompyuta unaziweza kweli?"

"Naweza."

"Wote wanasema hivyo. Nani alikufundisha?"

Silvère alizima injini kwanza. Halafu ndipo akafungua boneti.

"Mke wangu alinipeleka shule," akasema.