Vizibo Visivyo na Jina

Ijumaa ile Dragon Mart, soko kubwa la Dubai, ilifurika watu kana kwamba bidhaa zinagawiwa bure, na Fortunata alikuwa amekwama kwenye duka la mabomba akibishana na muuzaji. Alitaka akatiwe kipande kifupi tu cha mpira mwembamba, ule unaoonyesha ndani. Muuzaji naye aling'ang'ania kumuuzia bunda zima. Fortunata alikuwa amevaa blauzi ya njano na suruali ya jinzi, nywele amezisuka na kuzifunga juu, na kijasho kilishaanza kumharibia poda.

"Mkatie, yalla," sauti ya kiume ikasema nyuma yake, kisha ikaongeza maneno ya Kihindi. Muuzaji akacheka, akachukua mkasi, khalas.

Aligeuka akakutana na kijana mrefu ndani ya kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri. Alikuwa katoka kuswali, akinukia udi. Akajitambulisha kwamba anaitwa Amour, mtu wa Wete, Pemba, na kazi yake ni kuendesha gari la kampuni inayosambaza soda na maji kwenye bakala, vile viduka vya mitaani, za Deira. Akauliza mpira ule ni wa nini.

"Wa samaki," Fortunata akajibu. "Nina samaki nyumbani, nawabadilishia maji."

Samaki hakuwa naye hata mmoja. Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria, na kwa kuwa ulimfurahisha Amour, akauachia hapohapo. Walitembea pamoja hadi kituo cha basi, wakapeana namba, na toka siku hiyo kila jioni akiwa kwenye metro akirudi kutoka kazini Al Barsha, simu yake ililia. Salamu ya Amour ilikuwa ileile: samaki hawajambo? Fortunata alijibu hawajambo, wanakusalimu, na abiria waliokaa jirani walimwona akicheka peke yake. Mwezi wa pili tangu wajuane, Amour alikuwa keshaacha kumwita bibie. Alimwita Fotu wangu.

Ukweli wa mpira ulikuwa hivi. Fortunata alifanya kazi za nyumbani kwa mume na mke wa Kizungu. Walipohama kurudi kwao, yule sir alimwachia vitu vingi, na kati ya hivyo boksi moja lililoandikwa kwa Kiingereza: vifaa vya kupikia bia nyumbani. Ndani mlikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko na koki, makopo ya kimea kizito kama asali, vipakiti vya hamira, mashine ndogo ya kubania vizibo na mfuko wa vizibo vyenyewe. Mama yake Fortunata, huko Rombo, aliwasomesha watoto wote kwa kupika mbege, pombe ya ndizi na kimea cha ulezi. Siku alipofungua kopo la kwanza na kuusikia ule mnuko wa kimea, alikaa sakafuni akalia kwa kukumbuka nyumbani. Kisha akapika.

Alilipasha kopo kwenye maji moto, akamimina kimea kwenye ndoo na sukari, akajaza maji, akanyunyizia hamira na kuifungia ndoo kabatini, upande unaopata baridi ya kiyoyozi. Siku zile chumba kizima kilinukia mkate. Ilipotulia kuchemka, aliinyonya kwa mpira na kuijaza kwenye chupa tupu za malta, kile kinywaji cha shayiri kisicho na kilevi kinachouzwa kwenye kila bakala, akabana vizibo. Hakuuza hata chupa moja. Alikunywa yeye na Anna, Msukuma wa Shinyanga aliyeshirikiana naye chumba pale International City. Anna alikunywa huku akilalamika kwamba wakijulikana watafungwa kwanza, kurudishwa kwao baadaye.

Amour alipokuja kuwatembelea mara ya kwanza, alivua viatu mlangoni na kuuliza wako wapi samaki. Fortunata akasema wamekufa kwa joto. Amour akatoa pole ya msiba kwa uso mkavu kabisa, mpaka Anna akakimbilia bafuni kwenda kucheka. Ilikuwa siku ya jua kali la Mei. Fortunata alikuwa jikoni akikaanga kuku, Amour kiu imemshika, naye akafungua friji mwenyewe kama mtu wa nyumbani. Fortunata alipogeuka, chupa ilishafika nusu.

"Malta gani hii?" Amour akauliza, akijifuta midomo. "Ina uchungu kidogo lakini tamu. Wapi mnanunua?"

Pale ndipo pa kusema. Fortunata alifungua mdomo. Aliona zile nywele zilizonyolewa vizuri, ile kofia ya kufuma iliyowekwa kwa adabu juu ya meza, akaona namna uso huo utakavyobadilika. Akasema walinunua kwenye duka la chini.

Amour akaimaliza. Haikupita muda, adhana ya Alasiri ikaita kutoka msikiti wa mtaa wa pili. Akatawadha kwenye sinki lao, akavaa kofia yake, akawaambia anarudi sasa hivi. Fortunata alisimama dirishani akimtazama anavuka barabara kwa mwendo wake wa taratibu, anaingia msikitini na bia yake tumboni. Mafuta yaliungua jikoni na wala hakuyasikia.

Kosa la siku ile angeweza kuliita bahati mbaya. La Ijumaa iliyofuata hakuwa na jina la kuliita. Alizificha chupa zake chini ya kitanda, akanunua malta halisi, akamwekea mgeni wake mezani. Amour akaonja, akairudisha. Akasema siyo ile, anaitaka ile ya siku ile. Alisema kwa sauti ya kudeka, akimshika kidole kimoja cha mkono, na Fortunata alikwenda mwenyewe chumbani, akainama, akaitoa. Akili yake ilimwambia kwamba ukweli aliouficha wiki nzima sasa umekuwa mkubwa kuliko bia. Akikiri leo, Amour atamuuliza na wiki iliyopita je? Basi akampa. Baadaye Amour akaomba mbili za kupeleka nyumbani, naye akamfungia kwenye mfuko. Anna alimtazama tu, na siku hiyo alikula peke yake.

Ramadhani ikaingia mwezi wa Juni. Fortunata alijiahidi kwamba Amour akimaliza kufunga atamwambia, Idi ikipita atamwambia. Hakuwa akila mchana mbele ya Amour, na hata asipokuwepo chakula hakikumpita kooni.

Siku moja alasiri, akiwa anapiga pasi nyumbani kwa madam wake mpya, simu ililia. Alikuwa Mzee Famau, mtu wa Lamu aliyekaa Dubai miaka mingi na kuwalea vijana wa Kiswahili waliopanga naye Al Baraha, Amour mmoja wao. Fortunata alimjua kwa sauti, kwani mara nyingi Amour alimpa simu wasalimiane.

"Mwanangu, asante," mzee akasema. "Nimezikuta hizo malta alizosema umempa, ndani ya friji la Amour, kazificha nyuma ya mboga kama mchoyo. Leo twafuturu nazo."

Fortunata alitaka kusema usizinywe, mzee. Badala yake aliitikia amina mzee alipomuombea dua, na mzee akakata simu. Alimpigia Amour. Simu iliita mpaka ikachoka, maana alikuwa barabarani na gari la kampuni. Akampigia Mzee Famau, simu ikawa imezimwa. Akaiacha pasi, akamwambia madam ana mgonjwa, akashuka chini na gauni lake la kazi, akasimamisha teksi.

Wanaoijua Dubai wanaijua foleni ya kabla ya futari. Watu wote wanakwenda nyumbani kwa wakati mmoja. Fortunata alikaa kiti cha nyuma akisali rozari kwa vidole, na kila taa nyekundu ilimwambia jambo baya juu yake mwenyewe.

Alipofika Al Baraha alipanda ngazi mbilimbili. Mlango ulikuwa wazi. Wanaume wanne walikuwa wamekaa mkekani kuzunguka tende, uji wa pilipili manga, sambusa na tambi, na chupa moja ilisimama katikati ikitoa jasho la baridi. Adhana ilikuwa inaanza. Mzee Famau alikuwa na tende mdomoni na chupa ya pili mkononi, kizibo keshakitoa.

Fortunata hakusalimia. Aliingia na viatu vyake, akamnyang'anya mzee chupa.

"Ni pombe," akasema. "Nimeipika mimi. Amour hajui. Nimempa mara mbili hapo kwangu na hajui."

Nyuma yake akasikia funguo zikigonga, akageuka. Amour alikuwa amesimama mlangoni na shati lake la buluu la kazi, na ilionekana amesikia yote. Fortunata alimngojea aseme lolote, hata tusi. Amour akainamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Mzee Famau alitema kokwa la tende kiganjani polepole. "Kijana wa watu umemnywesha haramu, akenda kusimama mbele ya Mola wake," akasema. Sauti yake haikupanda. "Toka, binti. Usirudi hapa."

Akatoka, chupa bado mkononi. Kijana mmoja alisema nyuma yake kwamba wanawake wa namna hiyo ni sumu, na hakuna aliyemkanya.

Jioni hiyo alimwaga bia yote kwenye choo, Anna akimsaidia kufungua vizibo. Ndoo waliikatakata vipande. Akamwandikia Amour ujumbe mrefu wa kuomba radhi, akaufuta, akaandika mfupi. Alama zikageuka buluu, Amour ameusoma, jibu halikuja. Ijumaa alikwenda kanisani, akaungama. Padri alimwambia amesamehewa, naye alitoka nje kwenye joto akiwa mzito vilevile. Kilichomtesa si ile bia. Ni yule mtu anayevuka barabara kwenda kuswali huku yeye yuko dirishani anaangalia.

Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama alipomwona Amour kituo cha basi cha Al Barsha. Alikuwa amekaa kwenye benchi, ndevu hazijachongwa, amekonda. Fortunata alitaka kupita, miguu ikakataa. Akaanza kuomba radhi upya, Amour akainua mkono.

"Usiniombe radhi, Fotu. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ile mara ya kwanza sikujua. Ya pili nilijua. Mie kazi yangu kupakia makreti ya malta asubuhi mpaka jioni. Kila malta ina kizibo chenye jina lake. Vyako havina jina. Na nilishawahi kuionja bia, zamani, Dar. Niliporudi nyumbani siku ile nikakumbuka ladha. Ijumaa ya pili nimekuja nikiijua, nikakuomba."

Fortunata akakaa naye kwenye benchi. Akauliza kwa nini hakumwambia. Amour akasema angemwambia, asingempa tena, na yeye aliitaka. Kwa kujifanya hajui, dhambi ilibaki kwake Fotu. Zile mbili alizozificha nyuma ya mboga hakuwa na nia ya kuzigusa Ramadhani, aliziweka za Idi.

"Na siku ile mlangoni?"

"Niliogopa. Mzee kanilea. Nilikuona unabeba yangu na yako, nikakuacha ubebe."

Basi la kwanza lilikuja likaondoka. Fortunata alikumbuka usiku wote aliojilaumu, neno sumu, ngazi alizozishuka peke yake. Hasira ilimjaa mpaka macho yakamwuma. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu alichoona haya kukitazama: alikuwa na nafuu. Na nafuu ile ikamtia hatia mpya, kwani kujua kwa Amour hakukubadilisha kwamba yeye alimpa akidhani hajui.

"Mzee anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Kamwambie. Mimi nilisema langu mbele ya watu, nimevaa gauni la kazi. Ukishamwambia, nipigie. Usipompa ukweli wake, usinipigie tena."

"Atanifukuza, Fotu."

"Mimi alinifukuza. Sijafa."

Alipanda basi lililofuata bila kugeuka, ingawa kioo cha dirisha kilimwonyesha bado yuko palepale, mikono juu ya magoti.

Siku mbili simu haikulia. Siku ya Idi ililia asubuhi, na namba ilikuwa ya Mzee Famau. Fortunata aliipokea akiwa amesimama wima kama mtu mbele ya hakimu.

Mzee alisema Amour kamwambia baada ya swala ya Idi, mbele ya wenzake wote, na kwamba alilia. Akasema hatamwambia Fortunata alifanya vyema, kwani hakufanya vyema. "Lakini mlango niliufunga kwa mmoja," akasema, "na waliokosa walikuwa wawili. Hilo langu mie. Nisamehe, mwanangu. Njoo ule Idi nasi."

Fortunata akauliza yuko wapi Amour. Mzee akasema yuko jikoni anaosha masufuria, aona haya kuishika simu.

Alivaa dera la kijani na mtandio, akafika Al Baraha mikono mitupu. Alipita kwenye maduka ya halua njiani, akasimama, akaendelea, maana aliona hakuna atakayekubali kula kitu alichokibeba yeye. Mlangoni alivua viatu. Vijana wakajibana kumpisha, yule aliyesema neno sumu akiangalia ukutani. Amour alitoka jikoni na sufuria la biriani, mikono imeloa, akamwona, akasimama.

"Idi njema," akamwambia kwa sauti ndogo.

"Na kwako."

Hawakuwa na la zaidi mbele ya watu. Amour akaliweka sufuria mkekani. Mzee Famau akachukua mwiko, akautazama kidogo, akamkabidhi Fortunata.

"Tupakulie," akasema.

Fortunata akampakulia mzee kwanza, kisha vijana mmoja mmoja, hata yule wa ukutani aliyepokea kwa mikono miwili. Amour alikuwa wa mwisho. Alinyoosha sahani bila kuinua macho. Fortunata akamwekea nyama nzuri, akangoja, hakuondoa mwiko mpaka Amour alipomtazama usoni.

"Bismillahi," mzee akasema, na wote wakala.