Vibao Vilivyobaki Bombani

Jumamosi haikuwa siku ya kulala katika nyumba ile. Kabla jua halijachomoza, mama na binti yake walikuwa tayari uani wakipakia vifaranga. Mama alifanya kazi ya kuwasambazia wafugaji vifaranga wa siku moja kwa pikapu yake, ambayo ilipokuwa kijana ilikuwa nyeupe. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani walimwita Karani, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuhesabiwa. Hata maandazi ya wageni aliyahesabu, na mama yake alimpigia jicho zaidi ya mara moja kwa ajili hiyo.

Mama hakuwasha gari bila kuita vifaa. Yeye aliketi penye usukani na kutaja kitu, naye Karani, akiwa nyuma ya kiti, alikigusa kwa mkono ndipo akajibu. Sheria ilikuwa hiyo: gusa kwanza, sema baadaye.

"Maji?" aliita mama asubuhi hiyo.

"Yapo."

"Jembe?"

"Lipo."

"Vibao?"

Karani alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. "Vipo," akajibu, bila kuinua kichwa.

Vibao hivyo vilikuwa viwili, vya plastiki ngumu, virefu kama miguu ya mtu mzima na vyenye meno kila upande. Gurudumu likizama, unakisukumiza kibao chini yake, tairi linayakamata meno na kupanda juu yake mpaka kwenye ardhi ngumu. Msimu wa mvua mama alivithamini kuliko redio ya gari. Alisema redio humliwaza mtu aliyekwama, lakini vibao humtoa.

Waliondoka na masanduku matatu ya karatasi ngumu yenye matundu, kila moja likiwa na vifaranga mia moja. Walikuwa wanampelekea nesi mstaafu aliyekuwa ameanza kufuga. Kwa wiki mbili nzima bibi huyo alipiga simu kila jioni kueleza jinsi banda lake lilivyo na joto la kutosha, utadhani anasubiri wajukuu.

Saa mbili hivi waliiacha barabara ya lami na kuingia njia ya udongo mweusi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mama alienda kwa uangalifu, lakini udongo mweusi hauna adabu. Kwa juu unakuchekea, kwa chini ni uji. Magurudumu ya nyuma yaliteleza, yakazunguka bure, kisha pikapu ikakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Mama akaikanyagia mafuta, ikazidi kuzama.

"Haya," alisema mama bila wasiwasi wowote. "Lete vibao."

Karani alipeleka mkono nyuma ya kiti, akagusa chuma kitupu. Hapo hapo akakumbuka. Jana jioni uani kulijaa matope, naye hakutaka kuchafua viatu vyake vipya vya shule alipokwenda kuteka maji. Alivichukua vibao akavitandika mbele ya bomba, akapita juu yake kama malkia. Kisha akaitwa kula. Vibao vilikuwa bado bombani, umbali wa saa nzima kutoka pale.

Angesema wakati ule ule, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alikuwa amejibu "vipo", na aliona aibu. Akajifanya anatafuta. Akainua matandiko, akachungulia chini ya kiti, akageuza gunia ambalo hata sahani haingetosha kujificha ndani yake.

"Sivioni, mama," alisema.

Mama alitafuta mwenyewe, kisha akasimama mikono kiunoni. Alhamisi gari lilikuwa limeshinda gereji, ambako jirani yao aliyeajiriwa huko kama fundi alibadilisha springi. Hakuna mtu mwingine aliyeligusa. Mama akatoa simu, na Karani akajua anampigia nani.

"Fundi, juzi gari lilikuwa kwako siku nzima," alisema mama. "Vibao vyangu viko wapi?"

Fundi alikuwa mtu wa kusema polepole hata nyumba ikiungua. Karani aliisikia sauti yake ndani ya simu, akieleza kwamba alifungua springi tu na nyuma ya kiti hakugusa. Mama alimkatiza. Alimwambia kuwa alimwamini kama ndugu yake wa tumbo moja, kumbe alikuwa anafuga nyoka, akakata simu. Karani alitazama viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na kwa matope yale ingeweza.

Wakashusha masanduku na kuyapanga kwenye kivuli cha gari, maana ndani kulikuwa kumeanza kuwa moto kama tanuri. Mama akachimba kwa jembe mbele ya magurudumu. Wakakata majani na matawi, wakayasukumiza chini ya matairi. Pikapu iliyatafuna yote na kuyatema nyuma. Wakaweka matandiko ya sakafuni, nayo yakaruka huko. Mama akasukuma huku Karani akiwa ameshika usukani, kisha wakabadilishana, na gari halikusogea hata shibiri. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Njia ilikuwa tupu huku na huku. Nani angepita pale baada ya mvua ile?

Jua likapanda. Kivuli cha gari kilizidi kuwa chembamba, nao walizidi kuyasogeza masanduku kulifuata gari ubavuni, mpaka hapakuwa na pa kusogea tena. Hakukuwa na upepo. Karani alipiga magoti akiwapepea vifaranga kwa kipande cha karatasi ngumu. Asubuhi walikuwa wakipiga kelele hata huwezi kusikilizana. Sasa walifunua midomo wakahema, mabawa wameyaachia chini, na kelele zilikuwa zimepungua sana.

Aliingiza mkono akamtoa mmoja aliyelala ubavu. Akamwekea tone la maji mdomoni. Kifaranga akapapasa kiganja chake mara mbili kwa vidole, kisha akanyooka. Karani aliendelea kumpepea, ingawa alishajua.

Upande wa pili wa gari mama alikuwa amekaa chini, mikono imejaa malengelenge. Alikuwa anatafuta namba kwenye simu. Alisema, kana kwamba anasema peke yake, kwamba atampigia mwenye gereji amweleze ameajiri mtu wa aina gani. Karani alimjua mwenye gereji. Alikuwa tajiri asiyeuliza mara mbili. Mwezi uliopita alimfukuza mtu kwa sababu ya spana moja iliyopotea.

Karani alisimama akiwa bado na kifaranga mkononi.

"Mama, usipige. Vibao viko bombani. Niliviweka mimi jana nisikanyage matope."

Mama aliinua macho taratibu. "Umekumbuka sasa hivi?"

Hapo kulikuwa na mlango mwingine wa kutorokea, mpana na wazi. Karani aliuona. "Hapana," alisema huku machozi yakimtoka. "Nimekumbuka ulipovitaka."

Mama aliangalia saa kwenye simu. Ilikuwa saa nne kasoro robo. Alipiga simu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Fundi, nimekukosea. Hukuchukua kitu. Nimekutukana bure, na bado nahitaji msaada wako."

"Ya kukosana tutayaongea baadaye, dada," alisema fundi. "Vifaranga wanahema?"

Mama akamwelekeza vibao vilipo na mahali walipokwama. Fundi alifika saa tano kasoro kumi, pikipiki yake imejaa tope hadi kwenye taa, vibao vimefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Hakulaumu. Alimwita Karani amwangalie. Akapunguza upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma ili yawe mapana zaidi, akafukua udongo mbele yake, akasukumiza kila kibao hadi meno yakashikana na mpira. Kisha akamwondoa Karani kabisa pale, akamsimamisha mbali pembeni, kwa sababu kibao kikichomoka huruka na kinaweza kuvunja mguu.

"Sasa gia ya kwanza," alimwambia mama, "mafuta kidogo, kidogo tu. Usilipigie kelele, lisije likakasirika."

Gari likatetemeka, likauma meno ya vibao, likapanda. Kazi ile haikuzidi dakika kumi. Dakika kumi tu, na wao walikuwa wamekaa pale karibu saa tatu.

Walihesabu vifaranga kabla ya kuondoka. Arobaini na mmoja walikuwa wamekufa. Karani ndiye aliyewahesabu, na safari hii hakuna aliyemcheka kwa kupenda hesabu.

Njiani mama alisema kwamba naye ana kosa lake, kumhukumu mtu bila ushahidi, na jioni atakwenda kwa fundi kwa miguu yake kumwomba radhi mbele ya watu wa gereji. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kuviacha vibao bombani ulisahau, na kusahau ni kwa kila mtu, hata mimi nasahau. Lakini kunyamaza hukusahau, mwanangu. Ulinyamaza kila dakika, moja baada ya nyingine. Ungeniambia saa mbili, fundi angefika saa tatu, na jua lilikuwa bado halijawa kali. Kosa la kwanza lilitukwamisha tu. La pili ndilo lililoua."

Nesi mstaafu alikuwa anawasubiri mlangoni pa banda, amevaa aproni safi. Alilipokea sanduku la kwanza, akafungua, na uso wake ukabadilika. Alimtazama mama, aliyejaa tope kuanzia kichwani, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, mwanangu," alisema. "Njia hii ya matope itatumaliza. Hamkuwa na la kufanya."

Karani alisubiri mama ajibu, kisha akaelewa kwamba hatajibu.

"Lilikuwepo, bibi," alisema. "Ni mimi sikulifanya."

Akaweka chini sanduku alilolibeba, akaanza kumweleza tangu mwanzo, kuanzia bombani.