Ubishi Kwenye Mkeka wa Judo

Kila jioni baada ya masomo, watoto wa judo walinawa miguu bombani, wakatandika mikeka minene katika ukumbi wa shule, kisha wakajifunga mikanda. Wa kwanza kufika na wa mwisho kunyamaza alikuwa Redio. Jina hilo alipewa na binamu yake, Nyundo, naye hakulikataa, maana kwa kuongea, loo, msichana yule hakuwa na mpinzani!

Jioni hii, hata hivyo, Redio alikuwa na wasiwasi. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango. Asubuhi alikuwa amemwambia waziwazi, "Mwanangu, tangu uanze judo, wewe na binamu yako ni kelele tu kila siku. Leo nakuja kujionea mwenyewe. Nikikuta mnagombana, mchezo huo basi." Redio aliupenda mchezo huo kuliko kitu chochote.

Kocha, mama mrefu mwenye sauti ya upole, aliwataka wafanye zoezi la kupiga mtama, yaani kumfagia mwenzako mguu mpaka aanguke. Redio akamshika Nyundo koti, akafagia. Nyundo hakutikisika. Akafagia tena. Wapi!

"Wewe hutaki tu kuanguka," Redio alisema. "Kanuni ni kwamba usishindane na nguvu ya mwenzako. Itumie nguvu yake mwenyewe."

"Kanuni haimwangushi mtu!" Nyundo akajibu. "Shika mkono wa koti hapa, unyayo weka kwenye kifundo cha mguu. Kwisha."

"Mikono unayo, akili huna!"

"Na wewe una mdomo tu, miguu huna!"

Watoto wakaangua kicheko. Redio alipogeuka, alimwona baba yake akitikisa kichwa na kuinuka kwenye benchi. Maskini, machozi yakamlengalenga.

"Mzee, tafadhali keti kidogo," Kocha alisema. Kisha akawageukia wale wawili. "Humu ndani kubishana si kosa. Lakini sheria yetu mnaijua. Kabla hujampinga mwenzako, fanya kwanza alichosema, vilevile alivyosema."

Nyundo akaanza. Alisimama mbele ya Redio, akashusha mikono. "Nisishindane na nguvu yake. Haya, sishindani. Sasa nifanye nini?"

Redio akafungua mdomo amjibu, akajikuta anairudia kanuni ileile. Alikuwa ameisikia kanuni ile kwa Kocha, akaipenda, akawa anairudia kila siku. Mkono uende wapi, hakuwahi kujiuliza. Aliona aibu kwelikweli.

Ikawa zamu yake. Alishika koti palepale Nyundo aliposema, unyayo akauweka kwenye kifundo, akafagia. Nyundo yuko wima vilevile.

"Mbona nimefanya kama ulivyosema?"

Nyundo akajikuna kichwa. "Mimi nikifanya huwa inakubali. Hata sijui kwa nini."

Redio akavuta pumzi. Safari hii hakutangaza, aliuliza. "Ukimwangusha mtu, yeye huwa amesimama au anatembea?"

Nyundo akafikiri. "Anatembea. Mguu unakuwa ndiyo kwanza unataka kutua."

"Kumbe! Basi hapo anakuja na uzito wake mwenyewe. Hebu njoo kwangu."

Nyundo akapiga hatua. Kabla mguu haujakanyaga sawasawa, Redio akavuta mkono wa koti kuelekea chini, akafagia. Puu! Nyundo chali, anacheka.

"Haya, na mimi nifafanulie hiyo habari ya uzito," alisema huku akiinuka.

Kocha akatabasamu. "Mmeona? Kanuni usiyoweza kuifanya kwa mikono ni maneno matupu. Na mikono isiyojua sababu itakwama siku ukikutana na mpinzani mwingine. Kila mmoja wenu alikuwa na nusu, akamcheka mwenzake mwenye nusu ya pili. Bishaneni, wanangu, lakini mbishane ili mjue, si ili mshinde."

Redio akamwendea baba yake. "Baba, nitaendelea?"

"Huo mtama wenu sijauelewa hata kidogo," baba alisema. "Lakini leo nimekusikia ukiuliza swali, halafu ukanyamaza ukasubiri jibu. Nyumbani kwangu jambo hilo sijawahi kuliona. Endelea, mwanangu."