Aliyenong'ona Kikapuni

Kikapu cha nguo chafu kilinuka kuungua, na pasi zote zilikuwa baridi. Kipasi aliinama akanusa shuka la juu, akanusa la chini yake, kisha akajiambia ni pua yake tu. Tangu augue, kila kisichoeleweka katika nyumba ile kilikuwa kosa la pua yake, masikio yake au kichwa chake.

Nyumba yao ndimo walimofanyia udobi: sebuleni meza ya pasi, uani kamba na mabeseni. Jina la Kipasi alipewa utotoni kwa kung'ang'ania pasi ya baba yake. Baba alipofariki, binti akakosa usingizi, akalia juu ya mashati ya wateja, akaunguza suti ya bwana harusi. Daktari alimpa vidonge, na Mama, ambaye kwa kupenda hana mfano, akaongeza sheria yake. "Kuanzia leo humu tunanong'ona," alimwambia kaka mtu. "Mtoto asishtuke."

Basi wakanong'ona. Wakanong'ona kuhusu chumvi, wakanong'ona kuhusu sabuni, hata paka akaitwa kwa mnong'ono. Mimi nasema, ukimnong'onea mtu mzima miezi sita, kama hakuwa na wazimu utamtafutia. Vidonge vilikuwa vinamsaidia, usingizi ulisharudi. Kilichokuwa kinamla ni kusikia jina lake nyuma ya kila mlango, na kila akifungua, kukuta watu wawili wanatabasamu.

Humo ndimo jini alimoingia, na angepata wapi pazuri kuliko hapo? Katika nyumba ya watu wanaoongea, mnong'ono wa ziada ungejulikana mara moja.

Kwanza alisema kutoka kikapuni, kwa sauti ya Mama: "Mzigo." Siku nyingine kwa sauti ya kaka: "Wamekuchoka." Mpaka ikafika alasiri moja ambapo Kipasi, amesimama mezani na pasi ya moto mkononi, alisikia kikapu kikikwaruza sakafu nyuma yake, polepole, kikisogea bila kusukumwa, na ile harufu ya kitambaa kilichoungua ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na pumzi ya moto ikamgusa nyuma ya sikio, na sauti ya mama yake mzazi, ile ile iliyombembeleza akiwa mchanga, ikamwambia taratibu kwamba mganga yuko mlangoni, kwamba ana chumba kinachofungwa kwa nje, kwamba akiingizwa humo hatatolewa, na kwamba hapo ndipo kila mtu atalala vizuri.

Akageuka. Kikapu kilikuwa kimemfikia kisiginoni. Na mlangoni, kweli, alisimama mganga na mkoba wake, kichwa kimekutana na vya Mama na kaka.

"Kesho asubuhi nimchukue," mganga alinong'ona. "Chumba nafunga kwa nje."

"Atakuwa anakula?" Mama alinong'ona.

"Atazoea."

Kipasi alisimamisha pasi. "Siendi," akasema, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu msiba.

"Taratibu, mwanangu, usije ukazidiwa."

"Sinyamazi, Mama. Na hakuna anayenong'ona tena humu. Mwenye neno aliseme wazi. Anza wewe."

Mama akatazama sakafu. "Tunakupenda," akanong'ona.

"Hilo nalijua. Sema lile jingine."

Mama akainua uso. Sauti ilipotoka, ilikwaruza kwa kukosa kutumika. "Nimechoka. Nakuogopa, mwanangu. Nalala mlangoni kwako nikisikiliza kama unapumua. Nimechoka mpaka nalia bafuni. Na sitaki uende popote."

"Kaka."

"Mimi nina hasira," akasema kaka mtu. "Baba alikuwa wetu sote, wewe peke yako ndiye uliyepata ruhusa ya kuugua. Mtaani nawaambia una malaria. Malaria ya miezi sita, dada. Wananiona mimi ndiye mwehu."

Ilimuuma Kipasi, mtu asikudanganye. Lakini safari hii aliiona midomo iliyosema.

Kisha midomo yote ikafumbwa, na wote wanne wakasikia, kutoka kikapuni, kwa sauti ya Mama: "Mzigo."

Mganga alikumbatia mkoba wake, akatoka bila kuaga, kiatu kimoja akakiacha kizingitini.

"Unasikia hivi kila siku?" Mama aliuliza.

"Kila siku. Nilidhani ni nyinyi."

Mama alishika mkono mmoja wa kikapu, Kipasi akashika wa pili. Kilikuwa kizito kama kimekaliwa na mtu. Wakakiburuta hadi uani, kaka akamimina juu yake sufuria la maji yaliyokuwa yakichemshwa kwa ajili ya shuka. Kikapu kikalia kama pasi iliyotemewa mate, kikatoa moshi mweusi, kikanyamaza.

Siku hizi majirani wanalalamikia kelele za nyumba ile. Wanagombana, wanachekana, Kipasi anameza vidonge vyake mezani mbele ya watu, na kaka akiulizwa mtaani hujibu kwamba dada yake aliugua huzuni na anaendelea kupata nafuu.

Majuzi Kipasi alikuwa peke yake sebuleni, anapiga pasi. Harufu ya kuungua ikapanda. Pumzi ya moto ikamgusa nyuma ya sikio.

"Wamekuchoka."

Kipasi hakugeuka. "Najua," alisema kwa sauti, akitandaza shati jingine. "Mama aliniambia mwenyewe. Yuko hapo jikoni. Una jipya?"