Daftari Lililoongea na Watu

Sanduku la bati lilikuwa wazi. Kanga zilikuwa zimekunjwa vizuri ndani yake, na kufuli lilining'inia zima, halina hata mkwaruzo. Kilichokosekana ni daftari moja.

Inspekta Gervasi Margwe alichutama mbele ya sanduku hilo, nyumbani kwa Hermani kijijini Endasak, akalikagua kufuli.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Shingoni kwangu, afande," alijibu Loveness, mke wa Hermani. Hakuinua macho.

"Mwizi ni Nurdin mwenye duka la intaneti, kule Katesh!" Hermani alifoka. "Ameyaanika ya nyumba yangu kwenye blogu. Jana mnadani mtu kaniuliza, 'Hermani, ni kweli mama yako alimtenga mkeo na sahani yake?' Mbele ya watu, afande!"

Ilikuwa kweli. Mwaka uliopita, 2010, Loveness alijifungua mtoto ambaye hakulia. Mama mkwe, Bi. Fausta, akaishika mila ya Wairaqw kwa mikono miwili. Miezi minne Loveness alikaa chumba cha nyuma na kikombe chake peke yake. Haendi kisimani, haendi kanisani, hapewi mkono na mtu. Margwe, Mwiraqw mzaliwa wa Maretadu, hakuhitaji kuelezwa.

Mchana huohuo Koplo Gidabuday alilikuta daftari kwenye droo ya Nurdin. Wakamleta kituoni.

"Umelitoa wapi?" Margwe aliuliza.

"Nililetewa."

"Na nani?"

"Hilo sisemi, afande."

"Utalala mahabusu."

"Nitalala. Nimeshalala gesti za ajabu kuliko hapa."

"Unacheka? Huu ni wizi. Kompyuta zako nne zote zinakuwa vielelezo, na kesi inaweza kwenda miaka miwili."

Kicheko kilimkauka Nurdin. Kompyuta hizo ndizo zilizowalisha watoto wake. "Niliapa," alisema polepole. "Fanya unavyofanya, afande. Mimi niliapa."

Margwe alibaki na kielelezo mezani. Alilifungua daftari akitafuta jina la mtu, deni la mtu, ugomvi. Kurasa za mwanzo zilikuwa vipande tu: *Mvua. F. hakuja leo. Maziwa bado yanatoka.* Maneno ya mtu anayejinong'oneza.

Ukurasa wa kumi na tisa ukamshtua.

*Ninaishi Endasak, chini ya Mlima Hanang. Mama mkwe wangu anaitwa Fausta. Kwetu mwanamke akizaa mtoto aliyekufa hutengwa na watu. Hali hiyo tunaiita metimani. Wewe unayesoma, kwenu mnafanyaje?*

Aliusoma tena.

"Koplo, ukijiandikia mambo yako, utajitajia jina la mama mkwe wako?"

"Yule? Namjua, afande. Namjua mno!"

"Na Loveness anamjua wake. Sasa hapa anamtajia nani?"

Gidabuday alikuna kichwa. Margwe alikwishasimama. Mwanamke aliyefungiwa na kuta nne, hana hata wa kumsalimu, alikuwa ameanza kuongea na watu asiowajua, kabla daftari halijatoka sandukuni!

Walikwenda dukani kwa Nurdin, wakaifungua blogu. Chini ya kila andiko kulikuwa na majibu, mengine kutoka Mbulu, mengine Singida, mengine Mwanza. *Na mimi nilikaa. Na mimi.* Jibu moja liliandikwa na msichana wa Dongobesh kwa niaba ya bibi yake asiyejua kusoma: *Bibi anasema alikaa mwaka 1974. Anasema wewe ni mtu wa kwanza kumuuliza.*

Margwe aliyahesabu majibu hadi mia na arobaini, akaacha. Alivua kofia yake bila kujua kwa nini.

Kesho yake asubuhi alimwita Loveness ofisini, Hermani akisubiri nje kwenye benchi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kufuli lako halikuvunjwa, mama."

Loveness aliushika ufunguo shingoni.

"Nurdin amelala ndani kwa ajili yako. Daftari ulimpelekea wewe."

Machozi yalimtoka, lakini sauti ilikuwa kavu. "Nilimpelekea mimi. Mume wangu aliponishika mkono na kuuliza nani kaiba, niliogopa. Nikaitikia kila alichosema."

"Kwa nini ulimpelekea?"

"Mwanzo nilijiandikia, afande, nikaona naandika na kusoma mwenyewe, kama kula peke yangu kwenye ile sahani. Nikataka ajibu mtu mmoja tu. Mmoja! Sikujua wako wengi hivyo, mpaka Nurdin aliponisomea majibu yao."

Margwe alilivuta jalada. "Taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa. Lakini naweza kuandika kwamba daftari halikuibwa, lilipotea na kuokotwa. Nurdin anatoka, jalada linafungwa, mumeo hajui kitu. Blogu utaifuta."

Loveness alifuta uso kwa ncha ya kanga. Aliutazama mlango, nyuma yake Hermani akikohoa.

"Bibi wa Dongobesh nitamwambia nini?" aliuliza. "Usiandike kwamba limepotea, afande. Mwite aingie."

"Una hakika, mama?"

"Mwite. Nimsomee mimi mwenyewe."

Inspekta Margwe alifungua mlango, akampisha Hermani kwenye kiti. Yeye alibaki amesimama wima ukutani, Loveness alipolifungua daftari kwenye ukurasa wa kumi na tisa na kuanza kusoma kwa sauti.