Nongo Isiyotoka

Kila akitoka shule, Chiriku alimwogesha mdogo wake huku mama akisaga karanga za kuuza barazani. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mtoto alikuwa bado ananyonya, na alikuwa na ukurutu: mashavu na mikunjo ya viwiko ilikuwa mikavu, imepasuka, na alijikuna hata usingizini.

Siku moja rafiki yake Chiriku alichungulia beseni, akacheka.

"Mbona ana nongo hivyo? Kwani hamumsugui?"

Aibu ikampanda Chiriku. Akachukua dodoki na sabuni ya kufulia, akasugua. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Acha kumliza, njoo unisaidie!" mama akaita.

Chiriku akazoa unga wa karanga, kisha akarudi mbio kumbembeleza mtoto kwa mikono ile ile. Mtoto akamnyonya vidole. Mara midomo ikavimba, mwili ukajaa vipele, na pumzi ikaanza kupiga miluzi.

Mama alimnyakua, wakakimbilia zahanati. Chiriku alikimbia nyuma ya mama. "Nimemuua," aliwaza.

Muuguzi alimdunga mtoto sindano haraka. Daktari akauliza, "Amegusa nini?"

"Maji tu, daktari," mama akajibu, akinyoosha mikono ampokee mwanawe.

Chiriku aliogopa kusema, lakini ile miluzi ilimtisha zaidi. "Si maji tu! Nilimsugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia, nikamshika na unga wa karanga mikononi!"

"Mama, usimshike!" daktari akasema. "Nawa kwanza."

Mama akatazama viganja vyake. Vilikuwa bado na unga.

Walisubiri, mama akinawa tena na tena. Taratibu pumzi ya mtoto ikalainika. Hapo Chiriku akaangua kilio.

"Ngozi ni ukuta," daktari akamwambia. "Wa mdogo wako una nyufa. Vumbi la karanga limekuwa likipenya humo kidogo kidogo, mpaka mwili ukaliona adui. Ukisugua, unapanua nyufa. Ukurutu si nongo, mwanangu. Mwogesheni kwa sabuni isiyo kali, mumpake mafuta mazito angali na unyevu, na karanga zikae mbali naye."

"Nisamehe, mama," Chiriku akanong'ona.

Mama, mikono yake ikichuruzika maji, alimvuta kifuani.

"Kosa lako lilikuwa la kutojua," daktari akasema. "Lakini ungenyamaza, ningemponya kwa sindano, kisha ningemrudisha tena kwenye karanga zile zile."